Kutoka Sekondi hadi Norway: soka la kulipwa la Evelyn Badu na makaratasi yaliyo nyuma yake

Julai 2025, Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, walipolala 4-1 mbele ya Ghana kwenye WAFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika la wanawake, kule Morocco, gumzo la mashabiki wa huku lilikuwa lilelile: mabinti wa Ghana wana nguvu na kasi kuliko sisi. Sawa, lakini chukua orodha ya kikosi cha Ghana, Black Queens, acha majina, soma safu ya klabu peke yake. Wengi wanakipiga nje ya nchi yao, wametawanyika kuanzia Norway hadi Mexico. Timu hiyo ilikwenda hadi nusu fainali, ikatolewa na wenyeji kwa penalti, kisha ikaifunga Afrika Kusini, nayo kwa penalti, na kuondoka na nafasi ya tatu. Nguvu na kasi zinazosemwa zimetengenezwa kwa sehemu kubwa kwenye ligi ambazo hapa hatuzifuatilii.

Wachezaji hawa hufikaje huko, na wakifika wanabakije? Nitamtumia Evelyn Badu kama mfano, kiungo aliyetoka Hasaacas Ladies ya Sekondi, kwa sababu njia yake ni ya kawaida kwa Mghana mwenye kipaji. Hakuruka moja kwa moja hadi Barcelona. Alianzia Avaldsnes ya Norway, akaenda Fleury 91 ya Ufaransa, kisha akarudi Norway kujiunga na Molde. Anayeiona safari hiyo kuwa ndogo hajawahi kusoma mkataba wa soka la wanawake.

Tuanzie Cairo, Novemba 2021. Ilikuwa Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake ya kwanza kabisa, timu nane, na ukanda wetu ulikuwa na Vihiga Queens ya Kenya kwenye kundi la pili. Hasaacas walifika fainali wakafungwa 2-0 na Mamelodi Sundowns. Badu, akiwa na miaka 19, alimaliza mfungaji bora kwa mabao 5 na akatajwa mchezaji bora wa mashindano. Julai 2022 CAF, shirikisho la soka Afrika, ikampa tuzo mbili kwa mpigo, mchezaji bora chipukizi na mchezaji bora wa ngazi ya klabu. Wakati huo alikuwa tayari yuko Norway.

Mabao yake ya ligi ya Ghana hayakuwa yamemfikisha huko, ingawa mwaka huohuo Hasaacas walikuwa wamebeba ligi, kombe la FA na mashindano ya kufuzu ya WAFU B, kanda ya Afrika Magharibi. Tofauti ya Cairo ilikuwa kamera. Mskauti, yaani msaka vipaji, wa klabu ya Skandinavia hapandi ndege kwenda Sekondi. Anafungua kompyuta, na kama mechi haikurekodiwa vizuri, kwake mchezaji huyo hayupo. Mechi nyingi za ligi za wanawake Afrika Magharibi huchukuliwa na kamera moja iliyowekwa chini, upande mmoja, inayofuata mpira tu. Kwenye picha kama hiyo kiungo huonekana anapougusa mpira, na kazi yake kubwa hufanyika kabla hajaugusa: anageuza shingo mara ngapi, anasimama wapi, anafungua mwili upande gani. Mashindano ya CAF na ya FIFA hupigwa picha kutoka juu, uwanja mzima. Mechi tano za namna hiyo zina thamani kuliko misimu miwili ya simulizi.

Kwa binti asiyepata bahati ya Cairo, video inabidi itengenezwe, na hapo wengi huharibu. Inatakiwa dakika nne hadi tano, si kumi na tano. Nusu dakika ya kwanza iwe na vitu vyake vitatu bora, maana mskauti asiposhikwa hapo anafunga. Mshale au duara limwonyeshe kabla tukio halijaanza. Muziki hauna kazi. Jina, tarehe ya kuzaliwa, urefu, mguu anaotumia na mawasiliano ya wakala au klabu viwe kwenye fremu ya kwanza. La muhimu kuliko yote, iambatane na mechi mbili kamili, moja kati yake timu yake ikiwa imefungwa. Klabu makini huomba mechi nzima kila mara. Anayetuma vipande vya mabao peke yake ananunua wasiwasi.

Umri nao una mlango wake. FIFA hairuhusu uhamisho wa kimataifa kabla ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache sana, na ule mwanya wa miaka 16 hadi 18 wa Ulaya ni wa uhamisho wa ndani ya Ulaya tu. Mtazame Mukarama Abdulai. Mwaka 2018, kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule Uruguay, alifunga mabao 7 na kuchukua kiatu cha dhahabu. Alikuwa na miaka 16. Soko likiwa la moto kabisa, yeye alilazimika kusubiri, na usajili wa Alavés ya Hispania ulikuja baada ya kutimiza 18. Katika kusubiri huko ligi za Ghana zikasimama kwa corona. Kipaji hakikupungua, tarehe za kuzaliwa na za mashindano ndizo hazikupatana. Kwa hiyo wakala mwenye akili hupanga kalenda kurudi nyuma: binti anatimiza 18 lini, dirisha gani la usajili linafuata, na ni mashindano gani yatakayokuwa bado mapya vichwani mwa watu siku hiyo.

Kwa nini Norway, basi? Sababu ya kwanza ni msimu. Ligi za Norway na Sweden huchezwa kuanzia Machi hadi Novemba, kwa hiyo klabu husajili mwanzoni mwa mwaka, wakati Ufaransa na Hispania ziko katikati ya msimu na vikosi vimejaa. Sababu ya pili ni ukubwa wa mfuko. Klabu kama Avaldsnes, iliyoko kisiwa cha Karmøy karibu na mji wa Haugesund, haiwezi kupigania mchezaji aliyekwisha kujulikana Ulaya, hivyo inamchukua yule ambaye wengine bado wanamwogopa. Na ya tatu ni vibali. Uingereza inatumia mfumo wa pointi unaoangalia mechi za timu ya taifa na nafasi ya nchi kwenye orodha ya FIFA, na Ghana kwa miaka ya karibuni imekuwa nje ya 50 bora. Mchezaji wa nchi iliyo juu anapita kwa urahisi, Mghana anahitaji kwanza kujenga dakika kwenye ligi inayohesabiwa.

Elizabeth Addo alizipanda ngazi hizo mapema kuliko wengi: Rivers Angels ya Nigeria, Spartak Subotica ya Serbia, Ferencváros ya Hungary, Kvarnsveden ya Sweden, halafu Seattle Reign ya Marekani mwaka 2018 na Jiangsu Suning ya China mwaka uliofuata. Subotica na Ferencváros si majina ya kujivunia kijiweni, ila zote mbili zilikuwa zikitwaa ubingwa wa nchi zao na kucheza raundi za mwanzo za Ligi ya Mabingwa Ulaya. Hapo kamera ya uwanja mzima inapatikana kila msimu. Kvarnsveden alimkuta Tabitha Chawinga wa Malawi, na wakakutana tena Jiangsu. Wachezaji hubebana: klabu ikishamwamini Mwafrika mmoja, wa pili anaingia kwa maswali machache zaidi. Aisha Masaka alipotoka Yanga Princess kwenda BK Häcken mwaka 2022, kabla ya Brighton, alipita ngazi ileile ya Skandinavia.

Sasa uhamisho wenyewe. Ofa ikifika, klabu mbili zikakubaliana, mkataba unasainiwa na taarifa zinaingizwa kwenye TMS, mfumo wa kompyuta wa FIFA wa uhamisho. Klabu mpya inaweka mkataba na uthibitisho wa malipo kama yapo. Kisha shirikisho la nchi mpya linaomba hati ya uhamisho wa kimataifa, ITC, kutoka Ghana, nalo la Ghana, tangu 2025, lina saa 72 za kujibu. Kwenye karatasi ni kazi ya siku chache. Kwa kweli huchukua mwezi, na sababu zake zinajulikana. Jina la pasipoti halifanani na la usajili wa klabu: Waghana wengi wana jina la siku waliyozaliwa, jina la kanisani na la ukoo, na kila ofisi imeandika kwa mpangilio wake. Tarehe ya kuzaliwa ikitofautiana, hata kwa siku moja, kila kitu kinasimama. Historia ya usajili wake tangu miaka 12 haikuandikwa kokote. Klabu ya nyumbani inadai ada dakika za mwisho kwa sababu mkataba wake wa zamani haueleweki umeisha au bado. Na dirisha halimsubiri mtu: ombi la ITC lisipoingizwa kabla dirisha halijafungwa, binti atafanya mazoezi miezi mitano bila kucheza mechi.

Kifungu kimoja cha kukikataa bila aibu ni kile kinachosema mkataba utakuwa halali endapo mchezaji atafaulu vipimo vya afya au kupata kibali cha kazi. Kanuni za FIFA zimekataza sharti hilo. Klabu ifanye vipimo kwanza, ndipo isaini. Kikiachwa mle, klabu hukitumia kama mlango wa nyuma: binti amefika, amecheza mechi mbili za kirafiki, hakuwapendeza, ghafla goti lake "lina tatizo".

Wakala awe na leseni ya FIFA, na jina lake linatafutwa mtandaoni kwenye orodha ya FIFA yenyewe kwa dakika mbili. Mkataba wa uwakilishi usizidi miaka miwili. Kanuni za 2023 ziliweka kikomo cha malipo ya wakala, asilimia 5 ya mshahara, kwa mishahara isiyozidi dola 200,000 kwa mwaka. Mwishoni mwa mwaka huo FIFA ilisimamisha utekelezaji wa baadhi ya vipengele, kikomo hicho kikiwemo, kutokana na kesi za Ulaya, lakini asilimia 5 imebaki kipimo kizuri cha kumjua mroho. Anayemtaka mchezaji alipe "ada ya majaribio", "ada ya barua ya mwaliko" au "bima ya klabu" kabla ya safari si wakala, ni tapeli. Klabu inayokutaka haikupi namba ya kuitumia pesa zako.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo macho hufumbuliwa. Swali la kwanza: mshahara uliotajwa ni ghafi au ni ule unaoingia mkononi? Mfano mmoja wa Norway unatosha. Mgeni asiye na kadi ya kodi hukatwa asilimia 50 ya mshahara, na kadi haitoki mpaka aende mwenyewe ofisi ya kodi akiwa na pasipoti, kibali na mkataba, apewe namba ya utambulisho. Bila namba hiyo hata akaunti ya benki ni shida. Kwa hiyo aliyefika Februari anaweza kuona mshahara wake wa kwanza kamili Aprili, huku nyumbani wameshaanza kupiga simu za ada za shule. Kiasi kilichozidi hurudishwa baadaye, lakini baadaye hailipi nauli ya basi. Mkataba mzuri unaweka malipo ya kuanzia siku ya kuwasili, nyumba yenye bili zimelipwa, na tiketi mbili za kwenda na kurudi Accra kwa mwaka. Nyumba iandikwe ni ya peke yake au ya kushiriki na wangapi. Nimetaja wangapi makusudi.

Ligi zenye kima cha chini humrahisishia mchezaji. Hispania, baada ya mgomo wa 2023, ilikubaliana euro 21,000 kwa msimu wa 2023/24, ikipanda hadi 23,500 msimu wa 2025/26. Ndiko alikojijenga Grace Asantewaa, akiwa Logroño na Real Betis, kabla ya kwenda FC Juárez ya Mexico. Marekani kima cha chini cha NWSL, ligi yao kuu ya wanawake, kilikuwa dola 48,500 mwaka 2025, ila kila timu ina nafasi chache za wageni, na mgeni anapimwa dhidi ya nafasi hiyo kila mwaka. Princess Marfo, aliyetoka akademi ya Right to Dream kupitia FC Nordsjælland ya Denmark, aliingia Bay FC, klabu ileile iliyomnunua Mzambia Racheal Kundananji kwa ada iliyokuwa rekodi ya dunia mwaka 2024.

Klabu ya nyumbani inapata nini? Karibu hakuna, na hili ndilo jambo linaloniudhi zaidi katika biashara yote hii. Kwa wanaume, klabu iliyomlea kijana inalipwa fidia ya mafunzo anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa au anapohama akiwa bado kijana. Kanuni za FIFA zinasema wazi kwamba fidia hiyo haihusu soka la wanawake. Kinachobaki ni mgao wa mshikamano, asilimia 5 ya ada ya uhamisho, inayogawiwa kwa klabu zote alizopitia tangu miaka 12 hadi 23. Piga hesabu. Ada ya dola 20,000 inatoa dola 1,000. Kila msimu wa umri wa 16 hadi 23 una asilimia 10 ya hizo, yaani dola 100. Misimu ya 12 hadi 15 ina dola 50 kila mmoja. Klabu iliyokaa naye misimu minne kuanzia 16 inapata dola 400, nauli ya ugenini labda mara moja. Na mkataba wake ukiisha akaondoka huru, ada ni sifuri, mgao ni sifuri. Linganisha na Hasaacas: kwa kushika nafasi ya pili Cairo, waliingiza dola 250,000, kiasi ambacho wasingekaribia kwa kuuza viungo. Klabu zenye akili siku hizi zinaomba ada ndogo mwanzoni pamoja na asilimia 10 au 20 ya mauzo yajayo, iandikwe kwenye mkataba wa uhamisho wenyewe na si kwenye barua ya pembeni.

Mwili una hesabu zake. Viwanja vingi vya Norway ni nyasi bandia, na binti aliyekulia kwenye udongo na nyasi kavu anakuja na daluga zenye meno marefu ya nyasi asilia. Kwenye nyasi bandia meno hayo hunasa: mguu unabaki chini, mwili unageuka, goti linalipa. Anahitaji soli ya nyasi bandia, yenye meno mafupi na mengi, na jozi mbili, kwa sababu ya kwanza haikauki kabla ya mazoezi ya kesho. Wanawake huchanika ACL, kano ya ndani ya goti, mara kadhaa zaidi ya wanaume, na kupona ni miezi tisa au zaidi. Kwenye mkataba wa mwaka mmoja hiyo ni ajira nzima. Mazoezi ya misuli ya nyuma ya paja na ya kutua kwa magoti yaliyokunjwa, dakika 15 au 20 kabla ya kila zoezi, hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Na kwa ngozi nyeusi kaskazini kule, vipimo vya vitamini D vifanywe tangu msimu wa baridi unapoanza. Uchovu wa Januari unaosingiziwa upweke mara nyingine ni upungufu wa vitamini hiyo tu.

Mshahara ukichelewa, usisuse mazoezi. Hilo ndilo kosa klabu inaloliombea, kwani linageuza mdai kuwa mkosaji. Endelea kufika, piga picha ratiba, hifadhi kila ujumbe. Ikifika deni la mishahara miwili ya mwezi, iandikie klabu notisi ya siku zisizopungua 15. Wasipolipa, una haki ya kuvunja mkataba kwa sababu halali na kudai FIFA, bila mchezaji kutozwa gharama za kesi, ilimradi miaka miwili haijapita. Pia tangu 2021 mchezaji mjamzito ana likizo ya angalau wiki 14 kwa theluthi mbili ya mshahara.

Timu ya taifa ina mtego wa aina yake. Klabu inalazimika kumwachia kwenye madirisha ya FIFA, lakini ofisi ya uhamiaji haisomi kalenda ya FIFA. Mchezaji aliyeingia kwa viza ya kuingia mara moja, kadi yake ya ukaazi ikiwa bado inachapishwa, akikwea pipa kwenda kambini Accra anaweza kukwama huko. Klabu iombe viza ya kurudi mapema, wiki kadhaa kabla. Mkufunzi wa Ulaya aliyekosa kiungo wake mechi mbili kwa sababu ya muhuri hatakumbuka muhuri, atakumbuka nafasi ilikuwa wazi na mwingine akaijaza.

Kwa jicho hilo safari ya Badu inasomeka vizuri. Avaldsnes ilimpa dakika na ukaazi wa Ulaya. Fleury, iliyoko kusini mwa Paris (hiyo 91 ni namba ya mkoa wa Essonne), ilimpa ligi ngumu zaidi, yenye Lyon na PSG. Kurudi Norway na Molde wapo watakaokuita kushuka. Kiungo wa miaka 22 anayehitaji kuanza kila wiki haendi kusugua benchi kwa ajili ya jina la nchi, na aliporudi alikuwa anaijua lugha ya uwanja, nyasi zake na ofisi yake ya kodi.

Kwa aliye kwenye mkataba wa namna hiyo, tarehe ya kuzungushia kalamu ni miezi sita kabla haujaisha. Kuanzia hapo kanuni zinamruhusu kusaini na klabu nyingine bila ada, ilimradi klabu inayomtaka iiarifu kwa maandishi ile aliyopo kabla ya mazungumzo. Kwa msimu wa Norway unaofungwa mwishoni mwa mwaka, hiyo ni Julai, dirisha la Ufaransa na Hispania likiwa wazi. Video mpya iwe tayari Juni.